Pati ya Sufuria Nyumbani kwa Mzee Mahmud

Everline alizidharau pati za sufuria kabla hajaalikwa hata kwa moja, na alipokwenda ya kwanza akazidharau zaidi. Ilikuwa mtaa wa Umoja, ghorofa ya tatu, kwa mwanamke mmoja aliyepamba sebule kwa baluni utadhani mtoto anatimiza mwaka. Wanawake kumi na wanne, kila mmoja na gilasi yake ya juisi ya unga. Wakaambiwa wasimame mmoja mmoja, waseme jina na tunda linaloanza kwa herufi ya jina hilo. Haki ya Mungu! Watu wazima, wengine wana wajukuu, wanasimama na kusema, "Mimi ni Everline, embe." Halafu wakaviringishana karatasi za chooni eti maharusi, wakapigiana makofi, na baada ya upuuzi wote huo ndipo msichana mwenye kucha ndefu akatoa sufuria kwenye boksi na kutaja bei.

Hapo Everline akaweka juisi chini, akatazama. Hakuna aliyeuliza bei inashuka mpaka wapi. Hakuna aliyeigonga sufuria kwa kidole asikie inavyolia. Mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya sambusa, anatabasamu, na kila mtu mle ndani alijua kwamba kadiri watakavyonunua ndivyo kampuni itakavyomzawadia yeye. Sasa utamkataliaje mtu na sambusa yake iko tumboni mwako? Wakaandikisha majina mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ndogo, wakitazama zulia.

"Mtu akinunua bila kuvutana bei," Everline alimwambia mumewe Patrobas jioni hiyo, akivua viatu, "huyo hajanunua sufuria. Amenunua kuuona mgongo wako."

Patrobas alisema angalau walikunywa juisi. Patrobas ndivyo alivyo.

Everline mwenyewe alikuwa wa mlango kwa mlango na hakuona haya kusema. Mzaliwa wa Butere, miaka hamsini na miwili, mama wa Luseno. Alikuwa kibarua wa kiwanda huko Baba Dogo mpaka siku walipoambiwa mashine mpya haihitaji mikono. Ndipo alipochukua sufuria za kampuni moja iitwayo Johari Saba, akaanza kuzizungusha mtaa wa Kaloleni. Miaka tisa sasa. Kaloleni aliichagua kwa sababu nyumba zake ziko chini, hazina ngazi za kumvunja mtu magoti, na kwa sababu watu wa kule wamekaa pamoja tangu enzi za babu zao wa reli, kwa hiyo ukimpendeza mmoja umewapendeza wanane.

Sheria zake zilikuwa chache. Hodi mara tatu, kwa sauti ya kawaida. Usipojibiwa, ondoka, wala usichungulie dirishani, maana mtu ana haki ya kujificha ndani ya nyumba yake. Ukikaribishwa, usifungue mkoba mpaka uulize watoto wameamkaje. Na usiuze kwa sufuria mpya. Sufuria mpya ni bibi harusi, zote zinapendeza. Yeye alibeba ile yake aliyoipikia miaka yote tisa, nyeusi kitakoni, sikio moja limepinda, na jina akaipa: Shahidi. Alikuwa akimwambia mwenye nyumba, "Leta unga wako, washa jiko lako." Akasonga ugali pale pale, akaupindua, na chini hakukubaki kitu. "Huyu hapa ndiye atakayekuwa sufuria yako baada ya miaka tisa. Ukimkubali akiwa hivi, ndio nikuonyeshe alivyokuwa msichana."

Walikuwepo waliomtukana, sikatai. Mwanamke mmoja alimpigia kelele kutoka dirishani, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza!" Everline akamjibu bila kusimama, "Ndiyo maana wewe umekaa dirishani tangu asubuhi na hujauzika!" Eneo zima likacheka, na wiki iliyofuata yule yule mwanamke alinunua kikaango.

Lakini mlango uliomfungulia Kaloleni ulikuwa wa Waridi, mke wa Mzee Mahmud, mama yake Afnan. Na Waridi, jamani, alikuwa hanunui hata kiberiti bila vita.

"Elfu tatu na mia tano?" alisema siku ile ya kwanza, ameshika kiuno. "Mwenzangu, hiyo ni bei ya sufuria ama ya mbuzi?"

"Mbuzi utamla siku moja, Mama Afnan. Hii utaila miaka ishirini."

"Basi nitakulipa kwa miaka ishirini."

Alimrudisha mara tatu kwa ajili ya sufuria moja. Mara ya kwanza alimpa maji. Mara ya pili chai ya tangawizi. Mara ya tatu walivutana mpaka mahamri yakaisha kwenye sahani, wakakubaliana elfu mbili na mia nane, na Waridi akaongezewa kifuniko ambacho Everline alikilipia kutoka mfuko wake mwenyewe. Mzee Mahmud alikuwa kibarazani na redio yake, akasema kwa sauti ya kumwonea huruma, "Mwanangu, umeibiwa mchana kweupe." Tangu hapo wakawa ndugu. Kila mwezi Everline alianzia mlango ule, na kila mwezi walivutana hata kama hakuna cha kununua. Waridi alikuwa akiuliza bei ya viatu vyake ili tu apate la kubishia.

Sasa dunia ikageuka, kama inavyogeuka kila mara ukishapata pa kukaa. Kampuni ikamleta Tiffany. Madamu Tiffany, miaka ishirini na saba, hajawahi kugonga mlango wa mtu maishani mwake isipokuwa wa choo. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha kina mama waliouza sufuria kabla yeye hajaota meno. Kwanza akaja na habari za kuuza kwa simu: jipige video, weka wasapu, andika "bei njoo inboksi". Mtu anakuuliza bei na wewe unamfichia bei! Everline aliposikia hivyo alicheka mpaka akaombwa atoke nje. Baada ya simu zikaja habari za kuandikisha wauzaji chini yako, nao waandikishe wengine, mpaka Everline akauliza, kama kila mtu ni muuzaji, nani atabaki nyumbani afungue mlango? Halafu zikaja pati.

"Mama Luseno, mlango kwa mlango ni mambo ya kale," Tiffany alisema mbele ya watu wote. "Mlango mmoja, mteja mmoja. Pati moja, wateja ishirini. Piga hesabu."

"Na pati ya pili utamwita nani?" Everline akamuuliza. "Wale wale wanaokukimbia njiani?"

Watu wakacheka. Tiffany hakucheka. Akafungua karatasi, akasoma: asiyefanya pati nyumbani kabla ya mwisho wa mwezi, eneo lake anapewa mwingine. Kaloleni ilikuwa tayari imeombwa na msichana wa mtaa wa Lucky Summer.

Hapo Everline akaacha kucheka. Miaka tisa! Apewe msichana asiyejua hata kwamba mlango wa bluu wana mgonjwa wa pumu, husongi ugali pale na mkaa. Usiku huo hakulala. Mdomo wake ulikuwa unazitukana pati na kichwa chake tayari kilikuwa kinapanga pa kuifanyia. Kwake Umoja haikuwezekana, chumba kimoja na pazia, watu watano tu wanakanyagana. Na zaidi ya hayo, wateja wake walikuwa Kaloleni.

Akaenda kwa Waridi. Hakuficha, alieleza yote, hata aibu yake.

"Wanawake wangapi?" Waridi akauliza.

"Kumi. Chai, maandazi, nasonga ugali wangu, tunamaliza."

"Na sitaki zawadi ya kampuni yako. Nisije nikaonekana nawauza majirani zangu."

"Sitaki hata iandikwe, Mama Afnan."

"Jumatano nampeleka mzee kliniki ya sukari, huenda tukachelewa. Afnan atakuwa kwenye cherehani yake, Gikomba." Akavua ufunguo kwenye pete yake, akamwekea Everline kiganjani. "Ingia tu. Nyumba yako."

Hata kuvutana hawakuvutana siku hiyo, maana ufunguo hauna bei.

Jumatano ikafika, na Tiffany akafika nayo saa tano asubuhi, na lori. Everline alikuwa jikoni anaosha vikombe aliposikia vyuma vinaanguka nje. Alipotoka, vijana watatu walikuwa wanasimamisha tenti nyeupe mbele ya nyumba, na viti vyeupe vya plastiki, hamsini vikihesabiwa, vinapangwa safu kwa safu.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Target ya kampuni ni watu hamsini," Tiffany akasema. "Nimekuletea na spika. Ile kadi niliyokutumia jana, uliisambaza?"

Aliisambaza, ndiyo. Kioo cha simu yake kilikuwa kimepasuka katikati, hakuisoma vizuri, aliona maua tu, akaituma asubuhi hiyo kwa kina mama wote wa Kaloleni aliokuwa na namba zao. Kadi yenyewe ilikuwa na maua meupe na mshumaa unaowaka. Iliandikwa: *Tukutane nyumbani kwa Mzee Mahmud, Jumatano saa nane. Njoo na mwenzako. Tuwe pamoja.*

Sasa wewe unayeishi Eastlands, nikuulize. Umeamka alfajiri, umemwona mzee mgonjwa wa jirani anatolewa nyumbani ameshikwa mabega mawili, anaingizwa garini. Saa tano unaona tenti nyeupe na viti hamsini mlangoni pake. Unafungua simu, unakuta maua meupe na mshumaa. Unampigia mke wake, simu imezimwa. Utafikiri wameenda kuuziwa sufuria?

Everline hakuliona hilo. Na ndilo linaloniudhi, kwa sababu mtu wa kuliona alikuwa yeye. Miaka tisa anaingia kila nyumba ya Kaloleni, anajua tenti nyeupe huko ina maana gani. Lakini kichwa chake kilikuwa kimejaa hasira za Tiffany na hofu ya msichana wa Lucky Summer, na mtungi wa gesi ulikuwa umeisha. Akaubeba, akaenda kutafuta mwingine mpaka soko la Burma, akasimama kwenye foleni, akarudi saa nane imeshapita.

Aliwasikia kabla hajawaona. Wanaimba. Na si nyimbo za pati.

Viti vyote hamsini vilikuwa vimekaliwa, na wengine wamesimama. Kina mama wamejifunga leso kiunoni. Kwenye kibaraza cha Mzee Mahmud kulikuwa kumerundikwa sukari, unga, majani ya chai, madumu mawili ya mafuta ya kupikia, na mtu tayari ameshafungua daftari la mchango. Wazee watatu wa msikitini walikuwa wamesimama pembeni, kofia kichwani, wanaulizana kama maziko ni baada ya laasiri au maiti atasubiriwa. Na Mourine, jirani wa mlango wa pili, mwanamke ambaye akilia anasikika mpaka Jogoo Road, alimwona Everline akamrukia shingoni.

"Woi, Mama Luseno! Mzee ametuacha! Nilimwona asubuhi, nikajua harudi! Amekata roho saa ngapi?"

Everline akafungua mdomo kusema. Namshuhudia kwa hilo: aliufungua.

Lakini Tiffany alikuwa ameshafika sikioni mwake. "Watu sitini na wawili," alinong'ona, na uso wake unawaka furaha. "Nimewahesabu. Hakuna pati imewahi kufikisha hata thelathini. Usiniharibie. Wakitulia nitawaeleza, watacheka, watanunua."

Everline akazitazama zile safu. Alikuwepo yule wa dirishani. Walikuwepo watu wa milango ambayo kwa miaka tisa alipiga hodi tatu na kuondoka. Kaloleni nzima ilikuwa imekaa kwenye viti, inasubiri kuambiwa neno, na ilikuwa yake.

"Tuketi kwanza, Mourine," akasema. "Mambo yataelezwa."

Si uongo, mwasemaje? Hakusema mzee amekufa. Aliacha tu liendelee. Mwanamke aliyekuwa akiwacheka watu wa pati kwa kumbana mteja kwa sambusa, sasa yeye anawabana watu kwa maiti.

Tiffany akashika maikrofoni. "Karibuni nyote! Leo ni siku ya furaha!"

Nyimbo zikakatika. Mzee mmoja wa msikitini akamgeukia mwenzake, akamuuliza huyu ni wa dini gani.

"Kabla hatujaanza," Tiffany akasema, "kila mmoja asimame, atutajie jina lake na tunda linaloanza na herufi hiyo."

Watu wa Kaloleni wamezika kwa kila namna, kwa ngoma na kwa kasida, na heshima inataka ufuate desturi ya wenye msiba hata kama huielewi. Kwa hiyo bibi mmoja wa safu ya mbele, Bi Millicent, miaka sabini na nane, alijishika kwenye kiti cha jirani yake akasimama taratibu. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Millicent," akasema. "Machungwa."

Akakaa, akajifunika uso na leso. Wa pili yake akasimama.

Walikuwa wamefika mtu wa saba, parachichi, wakati gari la probox lilipoingia kwa barabara ya changarawe na kusimama nyuma ya tenti. Waridi alikuwa wa kwanza kushuka. Alikuwa anakumbuka wanawake kumi na chai. Alichokiona ni tenti nyeupe, wazee wenye kofia, daftari la mchango, na Mourine ameketi chini mlangoni pake analia. Na mume wake yuko nyuma yake ndani ya gari, mzima, anatafuta fimbo yake. Basi ndani ya nyumba ile kumebaki nani wa kufa?

"Afnan!"

Sijui kama umewahi kusikia mtu akiita jina hivyo. Alikimbia, buibui likamkwama mguuni, akaanguka kifudifudi kwenye changarawe, akainuka na magoti yanatoka damu. "Pikipiki! Nilimwambia asipande pikipiki! Nani yuko na mwanangu? Mko naye wapi? Nionyesheni mwanangu!"

Wakati huo huo Mzee Mahmud akatokeza na fimbo yake, na kina mama waliokuwa wakimlilia wakamwona maiti anatembea. Viti vikapinduka. Bi Millicent akabaki amekaa peke yake, anasoma sala.

Everline alimfikia Waridi, akamshika mikono. "Hakuna msiba! Mama Afnan, nisikilize, hakuna msiba! Afnan yuko kazini! Ni pati tu! Ni ile pati ya sufuria!"

Waridi akamtazama.

"Pati," akasema.

Mtu akampa simu. Afnan hakushika mara ya kwanza, wala ya pili. Mara ya tatu alishika, na cherehani zikasikika nyuma yake. "Ndio mama, niko kazini, kuna nini?" Waridi alikaa pale pale chini, simu sikioni, anasikiliza tu mtoto anapumua.

Mzee Mahmud aliletewa kiti. Akakaa, akaitazama tenti, akautazama ule mlima wa sukari kwenye kibaraza chake, akaelewa. Alikuwa mtu wa mzaha tangu ujana.

"Nawashukuru mliokuja kunizika," akasema. "Mungu awalipe. Na siku yenyewe ikifika, msije mkasema tulishaenda."

Watu wakacheka, wengine wanalia na kucheka. Wazee wa msikitini wakamshika mkono mmoja mmoja, wakamwambia atawazika wote. Tiffany alikuwa anakunja waya za spika haraka haraka. Sukari na unga hakuna aliyekubali kurudi navyo kwake, maana nani abebe sukari ya matanga ya mtu aliye hai? Vikapelekwa madrasa.

Walipopungua, mzee akamgeukia Everline. Hakupandisha sauti.

"Na wewe, mwanangu," akasema. "Hawa walidhani nimekufa. Wewe ulijua mimi ni mzima. Ulikuwa umekaa wapi?"

Everline, mwenye jibu kwa kila dirisha la Kaloleni, akainama kuinua kiti kilichopinduka. Waridi alikuwa ameinuka, anajifuta changarawe. Akanyoosha kiganja.

"Ufunguo."

Akapewa. Akaingia ndani.

Sasa sikiliza vizuri kampuni zilivyo. Tiffany aliandika ripoti: watu sitini na wawili, pati kubwa kuliko zote tangu Johari Saba ianze. Picha aliipiga kwa pembe isiyoonyesha machozi. Hakuna sufuria hata moja iliyouzwa, lakini hilo halikuwa na kisanduku chake kwenye fomu. Everline akapigiwa makofi ofisini, akapewa aproni yenye nembo na barua: Kaloleni ni yake, hakuna atakayeigusa. Yule wa Lucky Summer akapelekwa kwingine.

Aliivaa ile aproni siku moja, akaivua, akaifanya kitambaa cha jiko.

Milango mingine ilimpokea kwa kejeli, akazivumilia. "Mama Luseno, leo amekufa nani?" Mourine hakusema naye wiki mbili, ya tatu akamwita ampatie kifuniko. Yule wa dirishani alimuuliza yeye ni tunda gani. Alikubali yote. Alistahili, na alijua wanaokutukana mlangoni bado wako mlangoni.

Kwa Waridi hakwenda mwezi mzima. Alikuwa anapita upande wa pili wa njia, ameinamisha kichwa. Siku aliyojikaza ilikuwa asubuhi, redio ya mzee inasikika ndani. Njiani alikuwa amepanga la kusema, na alipofika mlangoni lote likampotea.

"Hodi."

Alitegemea apige tatu. Mlango ulifunguka kwa ya kwanza. Waridi alisimama kizingitini, mkono mmoja kwenye fremu, uso umetulia.

"Ndio, dada."

Dada. Miaka tisa alikuwa Mama Luseno.

"Watoto... Afnan ameamkaje?"

"Salama. Unauza nini leo?"

Everline akatoa sufuria mkobani, mpya, inang'aa. Ile sufuria bei yake ni elfu tatu na mia tano, na Waridi aliijua kama anavyojua umri wa mwanawe. Everline akataja bei ya kichaa, bei ya kumfanya hata bubu apige kelele, na moyoni alikuwa anamwomba: niulize kama nimelewa, mama, niambie ni bei ya mbuzi, nifukuze, nitukane mpaka Mourine asikie.

"Hii ni elfu saba."

Waridi akaitazama sufuria. Hakuigonga kwa kidole.

"Nisubiri," akasema.

Akaingia ndani. Redio ikazungumza peke yake. Akarudi na noti saba za elfu moja, akamwekea Everline kiganjani kwa mikono miwili, kwa adabu, akaichukua sufuria.

"Ahsante, dada."

"Mama Afnan, nimekosea bei!" Everline akasema, akimnyooshea zile noti. "Nimekosea, si hiyo, chukua hizi, hebu..."

"Haidhuru," Waridi akasema, na akaurudisha mlango polepole mpaka komeo likaingia.